Kompyuta ya Salma Inazima Katikati

Jumatatu, 9 Juni
Nimefagia, vumbi limerudi. Upepo wa Mkonze hauna adabu. Salma kaja na kompyuta ya kazini. Mwanangu huyo, mtu wa ofisi za serikali kule Mtumba, si wa kutumwa chai. Anatakiwa kuweka programu ya usimbaji. Maana yake mwizi akiiiba, badala ya majina ya wagonjwa aone takataka tu. Ikikubali, Ijumaa anakabidhiwa kazi ya zahanati za Chemba. Mtaa mzima nimeshautangazia.

Jumanne, 10 Juni
Imegoma. Inakwenda vizuri, ikifika katikati kompyuta inazima yenyewe. Salma kafuta, kaanza upya. Kaenda kuoga, kurudi imezima. Nimechoka kwa kumtazama tu.

Jumatano, 11 Juni
Bado. Kampigia fundi. Fundi kasema programu mbovu. Kapakua nyingine. Nikamwambia nenda kale, nitailinda mimi. Ikazima. Chakula kakiacha.
Dukani Mama Rajabu, jirani yangu, kanidaka: "Shoga, injinia wako vipi? Kompyuta imemshinda?" Nikamwambia mwanangu anafanya vitu ambavyo wanao hata kuvitamka hawawezi. Nilipofika ndani nikalia.

Alhamisi, 12 Juni
Mkuu wake kapiga simu. Mpaka kesho asubuhi ikiwa bado, Chemba anakwenda mwingine.
Salma kaianzisha tena, kaenda uani. Nami nikaifunika kitambaa changu cha kufuma, nimekikunja mara mbili, kama nilivyofanya siku zote hizi akiondoka. Kwangu hakuna kitu kinakaa uchi. Redio, jagi, televisheni, vyote vina vitambaa. Karudi ghafla, kakiinua. Kompyuta ya moto kama pasi.
"Mama! Kumbe unaifunika?"
"Na vumbi lote hili, niiache?"
"Inapumulia hapo, mama! Joto likizidi inajizima!"
Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka.
Kaanza upya. Nimekaa mbali, mikono mapajani. Vumbi linaingia, naliangalia tu.

Ijumaa, 13 Juni
Imekubali. Kazi kapewa, kashaondoka.
Kabla hajatoka nilimuuliza neno la siri la kuifungulia. Kasema hata wewe mama, hapana. Niliumia. Mtoto niliyembeba mgongoni. Kisha nikaona wamempa kazi hiyo kwa sababu hiyo hiyo.
Nimetandika kitanda chake. Nyumba kimya. Najilaza kidogo.