Nimeolewa, Sijahamia

Jumanne, 8 Aprili 2025

Nimebeba mikungu ya ndizi kupakia kwenye Fuso tangu asubuhi. Mvua juu, tope chini. Mgongo si wangu. Daftari hili la mwanangu Doreen limebakiza kurasa nyingi, basi naandika mimi. La saba langu linatosha.

Nimekutana na baba mkwe njia ya mashineni. Nikaruka mfereji, nikaingia kwenye mpunga wa watu, nikampa mgongo mpaka akapita. Mke wa mwana hamwangalii baba mkwe, hasemi naye. Miaka kumi na tisa! Kikohozi chake nakijua kwa mbali. Uso wake sijui ukoje. Hata siku tunamzika mwanawe, Ambrose, mume wangu, nililia nyuma ya nyumba ili tusionane.

Ijumaa, 11 Aprili

Lusungu, mchumba wangu, kapiga simu kutoka Karonga, Malawi. Mchungaji wake kamzuia meza ya Bwana. Eti huyo mwanamke wa Tanzania umwoe au umwache.

Naye alifiwa na mke. Fundi baiskeli. Tulijuana pale mashineni, alivuka kuja kununua mchele, baiskeli yake ikakata cheni mbele ya watu — fundi mzima! Nilicheka mpaka gunia likanidondoka. Kingonde chake ni Kinyakyusa chetu hikihiki, ila kama cha mtu aliyekunywa kidogo.

Kasema njoo tufunge ndoa huku, halafu urudi kwako mpaka Doreen amalize kidato cha nne. Novemba. Mtoto simhamishi shule mwaka wa mtihani. Na nyumba anayosomea ni hii hapa, ya baba yake. Basi naolewa, sihami. Nimekubali.

Jumapili, 13 Aprili

Ofisi ya kule wanataka cheti cha kifo cha Ambrose. Anacho shemeji Hezroni, mdogo wa marehemu. Huyu mwaka wa msiba alitaka kunirithi, nikamkatalia mbele ya watu. Nilijua atanizungusha mpaka nichoke.

Nimemweleza wazi. Naolewa, narudi, nakaa mpaka Novemba. Akaingia ndani, akatoka nacho hapohapo. Kimekunjwa vizuri.

Nenda tu shemeji, kasema. Nenda salama.

Mbona rahisi hivi?

Jumatatu, 19 Mei

Nimevuka. Wenzangu wanavuka mto na mtumbwi huku chini, hakuna wa kuwauliza. Mimi Lusungu kasema pita mpakani, ofisi watataka muhuri. Kijana wa uhamiaji kauliza naenda kufanya nini. Kutembea. Akaangalia kitenge kipya, akaangalia viatu. Mama, watu wa kutembea hawavai hivi! Akagonga. Upande wa pili wakanipa siku kumi na nne.

Doreen nimemwachia mchele na simu ndogo. Mpunga wangu umeanza njano. Nikirudi nakata.

Ijumaa, 23 Mei

Nimeolewa. Meza, karani, kalamu ya kamba. Dakika kumi.

Nyumbani kwao wamepika kuku watatu. Wifi Veronika, dada yake Lusungu, mdomo kama mashine ya kukoboa. Eti mgeni, kwa hiyo Jumamosi ijayo unarudi kwenu? Kaka, tumeoa mke au tumeoa namba ya simu? Wakaangua kicheko wote. Na mimi nikacheka. Imenichoma.

Lusungu kamjibu: Mwacheni, mke wangu ana mtoto wa mtihani.

Mara kelele — Geuka, geuka! Baba mkwe wako anapita! Nikageukia ukuta mbio. Nimeona kandambili za bluu tu. Kumbe huku nao ni hivyohivyo. Sasa nina wakwe wawili wa kuwakimbia.

Lusungu kanichemshia maji ya kuoga mwenyewe. Ambrose hakuwahi, Mungu amlaze pema.

Jumamosi, 31 Mei

Nimerudi. Shamba limekatwa.

Lote! Nimekuta mabua. Doreen kasema baba mdogo alikuja Jumanne na watu sita, wakakata, wakapiga, wakabeba. Na yeye kaambiwa ahamishe vitu vyake kwa bibi. Kagoma. Kasema namsubiri mama. Siku nne analala na panga chini ya godoro. Mtoto wa miaka kumi na saba!

Nimekwenda kwa Hezroni na viatu hivyohivyo vya safari. Yuko kwenye benchi anakula muwa. Hakusimama.

Karibu, mke wa Mmalawi.

Nikamwambia mpunga nimelima mimi, nimepanda mimi, nimepalilia mimi.

Kwenye shamba la nani?

Nikamwambia nilikueleza, narudi, nakaa mpaka Novemba.

Akatema makapi ya muwa. Shemeji, ulikuja kuchukua cheti cha kaka ili uolewe. Umeolewa. Mpunga wa Ambrose haulishi mwanamke wa mtu mwingine.

Kumbe ndo maana alinipa haraka. Mjinga mimi. Niliona rahisi, sikurudi nyuma.

Jumatatu, 2 Juni

Kwa mwenyekiti wa kijiji. Nimemwekea cheti cha ndoa mezani. Kakisoma pande zote mbili, na nyuma hakuna kitu.

Umeolewa?

Nimeolewa.

Mume yuko wapi?

Karonga.

Na wewe?

Si niko mbele yako!

Kajishika kichwa. Kasema mama Doreen, mimi naandika waliohamia na waliohama. Wewe nikuandike wapi? Kasema shamba na nyumba ni vya ukoo, baba mkwe wako yuko hai, akisema ukae utakaa. Hezroni hana ubavu wa kumpinga.

Kweli. Mzee hajasema kitu. Mpaka aseme, mimi bado mke wa mwanawe. Lakini namwombaje mtu nisiyeruhusiwa kusema naye? Nimempitia mama mkwe. Nimepiga magoti kwenye majivu ya jiko lake. Nimesema sitaki shamba. Nyumba tu, Novemba tu, mtoto afanye mtihani. Kasema atamfikishia. Hakuniangalia.

Lusungu kwenye simu: Njoo sasa, mje wote. Nikamuuliza, na karatasi za kukaa? Za mtoto? Kasema zinachukua muda. Nyuma yake namsikia Veronika — Nilisema mimi!

Doreen kasema mama, wewe nenda. Nikamzaba kofi. Halafu tukalia.

Jumatano, 4 Juni

Hata miguu sijanawa. Naandika hivyohivyo.

Natoka kibaruani, njia ya mashineni. Nikasikia kikohozi. Nikaruka mfereji kama siku zote, nikampa mgongo, nikajifunika kanga. Nikasubiri apite.

Hakupita. Miguu imesimama.

Ugonile, mama.

Kanisalimia! Mimi! Kama anavyosalimia mama muuza dagaa, kama mpita njia yeyote. Tena taratibu, kwa heshima. Akarudia. Ugonile, mama.

Sikujibu. Nimekaza macho kwenye mabua mpaka machozi yakashuka. Kasimama muda mrefu. Halafu kikohozi kikaondoka.

Afadhali angenitukana. Mkwe anatukanwa, anapigiwa kelele kupitia kwa watu. Hasalimiwi. Akisalimiwa, si mkwe tena.

Alhamisi, 5 Juni

Asubuhi. Sijaenda kibaruani.

Yuko nje. Amekuja mwenyewe, peke yake. Nyumba hii, ukitoa siku ya mazishi, hajawahi kuikanyaga tangu niingie, hata kaburi la mwanawe lilipojengewa alilitazama kutokea barabarani. Leo kapita pembeni ya kaburi mpaka kibarazani. Doreen kampa kigoda.

Namsikia anamuuliza mjukuu habari za shule. Mtihani lini? Novemba, babu. Kasema soma sana. Kasema chumba chako kwa bibi tumekipiga lipu.

Chako. Hakusema chenu.

Halafu kasogeza kigoda karibu na mlango. Ugonile, mama.

Mimi nimekaa chini nyuma ya mlango, daftari kwenye goti, kanga usoni. Mgongo nimeugemeza kwenye mbao. Hasira hana. Angekuwa na hasira ningejua la kufanya. Anasubiri tu nimwitikie, mimi na yeye tumalizane kama watu baki. Nikiitika, nimekubali si mkwe wake, na nyumba si yangu.

Doreen kaja dirishani, ananong'ona. Mama, babu kasema hana haraka. Kaomba maji.

Nimempitishia kikombe dirishani. Uso sijautoa.

Anakunywa. Kakohoa. Anarudia.

Ugonile