Bakshishi ya Baba Mdogo

Kitanda cha juu, chumba cha wahudumu,
Sitaha ya chini kabisa, melini.
Jumatano, tarehe 9.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Kabla ya yote nipe hali yako. Mgongo umetulia, au bado unajifanya shujaa wa kubeba ndoo mbili mbili? Shemeji je, bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Na goti la mama? Usinijibu "hajambo" tu kama kawaida yako. Nataka kujua kama anapanda ngazi mwenyewe au anashikwa mkono.

Mimi mzima. Mikono imechubuka kwa dawa za kusafishia vyoo, na usingizi wangu ni wa mapande mapande, lakini nakula vizuri. Leo nakuandikia huku nacheka peke yangu, mpaka mwenzangu wa kitanda cha chini amenirushia mto. Kaa chini, dada. Kama una sufuria motoni iepue kwanza. Nimelipiza.

Umeshajua ni nani. Baba mdogo. Yule yule aliyekuja baba alipofariki, na kibegi kimoja cha nguo, akasema atakaa wiki moja atusaidie, na mwaka haujaisha akawa mwenye nyumba, sisi tukawa wapangaji, halafu hata huo upangaji akatunyima. Wewe ulikuwa mkubwa, ulibeba godoro kichwani. Mimi nilibeba saa ya ukutani na sikujua tunahamia wapi. Ninachokumbuka ni yeye, amesimama mlangoni kwetu anapiga mswaki, anatutazama tunavyopakia mkokoteni, utadhani ni watu wa kupita.

Basi safari hii kapanda meli yetu. Abiria. Yeye na wafanyabiashara wenzake, wamekuja kula raha. Meli hii ina vyumba mpaka sisi wenyewe tunapotea, na katika vyumba vyote hivyo akapangiwa korido yangu. Nilimwona anakuja anaburuta sanduku. Nikasema leo atanitambua. Wapi. Nilimfungulia mlango, nikamwonyesha swichi za taa, nikamtajia hili jina la utani lililoandikwa kwenye beji ya kifuani, naye akaitikia huku anaminyaminya godoro. Watu hawamtazami usoni anayewaoshea choo, dada. Hilo nimejifunza huku.

Nilimhudumia. Nataka ulijue hili kwa sababu ndilo linaloniuma. Nilitandika shuka zake zikakaa sawa pembe zote, nilichokoa nywele zake kwenye tundu la bafu, niliokota soksi alizozitupa moja huku moja kule. Kila asubuhi nilijiambia leo namtemea mate kwenye glasi ya mswaki, na kila asubuhi niliisugua ikang'aa. Si kwamba mimi ni mwema sana. Ni kwa ajili ya bati.

Hali unaijua. Nyumba ya mama imefika kwenye linta, imebaki kupaua, na mbao na bati zitatoka kwenye mkataba wangu ujao. Huu wa sasa unaisha mwezi huu. Wanaoitwa tena ni wale ambao abiria hawakuwalalamikia. Ukilalamikiwa hawakugombezi wala hawakufukuzi. Unarudi nyumbani, unakaa unasubiri simu, na simu haiji.

Sasa nikueleze mambo ya bakshishi, maana ulishawahi kuniuliza. Mshahara wenyewe huku ni wa kupozea koo tu. Kinachotulisha ni bakshishi, na meli haisubiri abiria aingize mkono mfukoni. Inamwandikia kila siku kwenye hesabu yake, mwisho tunagawana sisi wa vyumba, wa mezani, mpaka wa jikoni ambao abiria hawaoni. Lakini abiria ana ruhusa ya kwenda mapokezi akasema yake ifutwe. Wanamuuliza sababu. Na hiyo sababu haiishii pale, inamfuata mhudumu wake.

Siku moja kabla ya kufika bandarini, nilikuwa nimechuchumaa nafuta kizingiti cha chumba cha jirani, nikamsikia baba mdogo anawafundisha wenzake koridoni. "Semeni neno lolote tu, wanafuta. Mimi nimesema chumba kinanuka na kijana ana jeuri." Wakacheka. Mmoja akauliza, kwani kijana kakukosea nini? "Hajanikosea kitu. Ila jasho langu nimgawie nani, na wakati meli inamlipa?" Mkono wa birika tangu zamani, huyo. Halafu akanivuka miguu pale chini, akaingia zake chumbani.

Msimamizi wetu hakuchelewa kuniita. Ni mama wa makamo, si mtu mbaya, ila naye ana mabosi zake. Akaniambia hajawahi kusikia neno baya juu yangu na anaona haya kunieleza hili, lakini limeshaandikwa, na asipolifuta aliyelisema, yeye hana la kufanya. Nilitoka pale mbio. Nikajifungia kwenye stoo ya mashuka nikang'ata taulo. Nyumba ya kwanza alitunyang'anya. Sasa anatia mkono kwenye ya pili, hata haijaezekwa, na hajui. Kutojua kwake ndiko kulikoniwasha kuliko yote. Kutudhulumu mara ya kwanza kulimgharimu japo kupanga maneno. Safari hii alitumalizia kwenye mzaha wa koridoni.

Nikaapa hashuki kwenye meli hii hivi hivi.

Kuna kazi moja sisi wahudumu wa vyumba huifanya siku ya mwisho. Abiria huambiwa waweke masanduku nje ya milango baada ya chakula cha jioni. Mabaharia huyakusanya, na asubuhi wenyewe wanayakuta gatini. Sasa, watu hujisahau. Mtu anafungasha kila kitu, anabaki na nguo ya kulalia, na asubuhi ndiyo anakumbuka kwamba suruali iko sandukuni na sanduku liko nje ya meli. Karatasi ya maelezo tunawawekea mezani, ila nani anasoma. Kwa hiyo tunapita mlango kwa mlango: baki na nguo ya kesho, baki na viatu.

Nilipita korido nzima. Bibi mmoja wa chumba cha mwisho nilimkumbusha mpaka meno yake ya bandia. Wenzake baba mdogo wote niliwakumbusha, wakanishukuru. Mlango wake nikaupita kama si mlango.

Baadaye nikaingia kumwekea maji ya kunywa. Sanduku lilikuwa tayari nje, limevimba mpaka zipu inalia. Kabatini hanga zote tupu. Hata lile koti la taulo la kuvaa baada ya kuoga, mali ya meli, alikuwa ameshalifungasha, na ndara zake pia. Karatasi ya maelezo kaiwekea glasi juu. Yeye yuko ndani ya pajama ya mistari, anasinzia mbele ya televisheni. Bado ningeweza kusema, dada. Ni neno moja tu. Nikamwambia, "Lala salama, mheshimiwa." Na mimi nikaenda nikalala usingizi ambao sijaulala tangu nipande meli hii.

Asubuhi meli imeshafunga gati, abiria wanaitwa kwa makundi washuke, nikasikia kengele ya chumba chake inalia mfululizo. Sikukimbia. Nilimkuta katikati ya chumba, miguu peku, na kamba ya pajama imekatika kiunoni, kwa hiyo suruali anaishikilia kwa mkono.

Akaniambia nikamletee nguo zake. Nikamjibu mhudumu haruhusiwi kushuka mpaka abiria wa mwisho atoke, na hilo ni kweli kabisa. Akasema basi niwaombe wenzake wamwazime. Nikamwambia wenzake wamebaki na walizovaa tu, labda apate wa kuingia naye suruali moja. Hakucheka. Akauliza kama mimi mwenyewe ninayo ya ziada. Ninayo, nikasema, jinzi, safi, nimeifua majuzi.

"Basi ilete, kijana."

"Ila nasikia nina jeuri," nikamwambia, "na chumba changu kinanuka. Suruali yangu itakufaa kweli?"

Alikaa kitandani. Hakuuliza nimejuaje. Nikamweleza taratibu, kwa adabu zote tulizofundishwa kazini, kwamba mapokezi iko wazi na msimamizi wangu yuko pale pale. Ashuke akayafute maneno yake kwa kinywa chake, akirudi jinzi ataikuta mlangoni. Akasema atakwenda akishavaa. Nikamwambia hapana, akishavaa hatakwenda.

Akaenda. Nilimfuata kwa nyuma nasukuma toroli la mashuka, maana hilo nisingekubali kusimuliwa. Lifti ilijaa, ikabidi ashuke ngazi, kiuno mkononi. Mapokezi palikuwa na foleni ya watu waliojipamba wanamalizia hesabu zao, naye katikati yao, peku. Watoto wakamnyooshea vidole, mama yao akawageuza vichwa. Wenzake walikuwa wamekaa kwenye makochi, wakashangilia kama wako uwanjani, na mmoja akatoa simu akaanza kumpiga picha. Zamu yake ilipofika alinong'ona, na binti wa mapokezi hakumsikia. Akarudia kwa sauti, watu wote wakasikia: "Nilisema uongo. Kijana anafanya kazi yake vizuri. Rudisheni bakshishi yake." Msimamizi wangu akaandika hapo hapo.

Mkuki kwa nguruwe, dada. Roho ilinisuuzika mpaka nikajificha nyuma ya mashuka kufuta machozi. Mama hupenda kusema malipo ni hapa hapa duniani. Ni kweli, ila mengine yanataka kusukumwa kidogo.

Jinzi nilimpa, na kandambili za kuogea nilimpa. Zipu iligoma nusu ya njia kwa ajili ya lile tumbo, akafunika kwa shati la pajama. Nilisimama mikono nyuma namtazama akihangaika. Alipomaliza akatoa pochi, akachomoa noti, akaninyooshea. Bakshishi, mkono kwa mkono. Nadhani alitaka tuwe tumemalizana.

Nikamwambia, "Kaa nayo, baba mdogo. Utapandia teksi."

Akaniangalia. Safari nzima hakuwahi kuniangalia. Alianza na paji la uso, akaja kwenye pua, akafika kwenye haya masikio ya baba unayonitania nayo, na hapo mdomo ukaachama. "Wewe ni wa kaka," akasema, kwa sauti ndogo. Nikamwambia ndimi, na mama hajambo. Nikamshikia mlango nikamtakia safari njema, kama ninavyowatakia wote. Alikwenda mpaka mwisho wa korido na noti bado iko mkononi.

Tangu asubuhi nasubiri nijisikie vibaya. Bado.

Mchana msimamizi kaniita tena. Jina langu limerudi kwa wale wa kuitwa, na mwezi ujao nikipumzika kidogo natakiwa kusaini. Kwa hiyo mwambie fundi aanze kupima mbao. Bati nataka nyekundu, si hizi za kawaida. Kiwanja kile kinatazamana na barabara anayopita kila siku kwenda dukani kwake, na nataka asipate pa kupeleka macho.

Nisalimie shemeji, mwambie nimemnunulia plasta za puani za kuzuia kukoroma. Nisalimie watoto, uwabusu wote hata yule mwenye makamasi. Mama mpe shikamoo yangu, ila habari ya pajama mwambie akiwa amekaa, maana akicheka na lile goti ataanguka. Najua akimaliza kucheka atakunja uso aseme tungemwachia Mungu. Mwambie nimemwachia yote. Mimi nilishughulikia suruali tu.

Mungu awafunike, awape afya, na mvua ya mwaka huu iwakute mko chini ya paa letu wenyewe.

Jambo la mwisho. Baba mdogo anajua mnapoishi, na namjua, atatafuta namna ya kusawazisha. Atakuja na ile jinzi, imefuliwa na kupigwa pasi, ndani ya mfuko mzuri. Mkaribisheni, mpeni maji ya kunywa, zungumzeni naye vizuri. Jinzi msiipokee. Arudi nayo kwenye nyumba ya baba, aitundike kabatini, na kila asubuhi akitafuta cha kuvaa aikute.

Mimi mdogo wako, nikupendaye kuliko ninavyomchukia yeye, na hapo unajua ni kiasi gani.