Kihenge Kinachopanuliwa Kikiwa Kimejaa

Baba, shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, maana habari za mguu wako ninazo. Mimi huku Sumbawanga mjini ni mzima. Baridi ya asubuhi tu ndiyo inanikumbusha nyumbani Mwazye.

Kazi yangu bado ni kuosha vioo vya maabara. Siongei sana. Juzi Dada Yustina, mpimaji wetu, akaniita: "Wewe bubu wangu, njoo uchungulie. Usiogope, hawakuoni." Nikaweka jicho kwenye hadubini. Walikuwa bakteria wa kidonda cha mtu, kama shanga za zambarau zilizoshikana. Akasema kila mmoja amejijengea ukuta wa nyuzi za sukari zilizofungwa kwa vifundo, na ndani maji yanausukuma muda wote.

Nikasema, "Kama kihenge cha baba, ghala la fito zilizofungwa."

Akacheka. "Haya, baba yako anaweza kukipanua kihenge kikiwa kimejaa ulezi?"

Baba, wao wanaweza. Wanakata ufito mmoja, wanachomeka mpya, wanafunga, wanakata mwingine, na hakimwagiki kitu. Hawana macho, na sijui nani aliwafundisha ila Mungu. Nilisimama pale mpaka maji ya beseni yakapoa.

Ndipo akanieleza kazi ya vidonge kama vile ulivyopewa wewe. Vinawazuia kufunga vifundo. Kukata kunaendelea, kufunga hakuna. Ukuta unalegea, maji yanaupasua. Lakini yule aliyepumzika, asiyejenga siku hiyo, husalimika. Anangoja uache dawa.

Kaka Deo ameniambia maumivu yalipoisha uliacha, ukachomeka vilivyobaki kwenye fito za kihenge, akiba ya wakati wa kuvuna. Sasa mguu umevimba tena. Najua kwetu kila mtu huweka dawa hivyo, hata mimi niliwahi kukushikia ngazi. Lakini usivimeze mwenyewe, Baba. Vitoe, nenda navyo zahanati, uwaambie uliishia wapi. Kwenye simu ningeishia kwenye shikamoo, ndiyo maana nimeandika na kumpa kondakta wa basi la leo.

Msalimie Mama, na Bibi anayekicheka Kifipa changu. Kaka Deo, wewe unayemsomea, usiruke mstari, kisha mpeleke.

Ni mimi binti yako, ambaye kabla ya leo sijawahi kukupinga,
Oresta