Viti Saba

Jumamosi. Upepo umevuma tangu alfajiri, vumbi limeingia hadi kwenye chai. Leo sina hamu ya kuonana na mtu, ndiyo maana naandika.

Asubuhi mimi na mume wangu, Idrisa, tulikwenda kwa wakala wa magari hapa mjini. Tangu biashara ziachiwe huru, magari yaliyotumika Japani yanaagizwa hata na sisi wauza mafuta ya alizeti. Wiki nzima nilikuwa nikizipitia picha ambazo wakala alizichapa kwenye kafe ya intaneti. Idrisa aliniachia kazi hiyo, nikajiona mke kweli.

Petroli niliichagua mimi, maana moshi wa dizeli humkohoza. Gari lililoinuka tulikubaliana, kwa sababu ya barabara zetu. Aliposema anataka la viti saba, niliziacha picha nikamtazama. Tumeoana miaka mingi na hatujapata mtoto. Nikajiambia, kumbe bado hajakata tamaa.

Nilifurahi. Mjinga mimi.

Wakala, bwana wa makamo mwenye adabu, alitueleza kwamba gari ni lilelile ila huja kwa madaraja mawili. La chini lina viti vya kitambaa. La juu lina viti vya ngozi, na kiyoyozi kinafika hadi safu ya nyuma. Mimi nikasema kitambaa kinatutosha, jua la Singida litaipasua hiyo ngozi bure.

Idrisa akatikisa kichwa.

"Weka ngozi," alimwambia wakala. "Watoto wakitapika, unafuta tu."

Wakala akatabasamu, akaniuliza tumejaliwa watoto wangapi. Nikainamisha uso. Idrisa ndiye aliyejibu, kwa sauti ileile anayouzia mafuta. Akasema huyu hazai. Watoto ni wanne, wa mjane mmoja wa kijiji cha Mkiwa, anayemuoa baada ya mavuno.

Hivyo ndivyo nilivyopata habari. Mbele ya mtu baki, kama anayetaja rangi ya gari.

Tabasamu la wakala likafutika. Akaanza kupanga karatasi zilizokuwa zimekwisha pangwa.

Niliweza kuuliza jambo moja tu. "Na mimi nitakaa wapi?"

"Nyuma kabisa," alisema Idrisa. "Mwenzio ana mimba, na kule nyuma kunarusha."

Alikuwa ameshatupanga wote.

Sikulia. Nilitamani nilie pale pale, nimwaibishe, lakini macho yalikauka. Tulirudi nyumbani, nikasonga ugali, nikapika mlenda. Alikula vizuri, akaomba aongezewe, akasifu mlenda. Nikamwongezea. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote niliyoyasikia leo.

Sasa amelala kwenye kiti cha uvivu barazani, redio iko kifuani.

Kesho nitapanda basi la Mkiwa. Siendi kugombana. Nataka nimwone huyo mwanamke, nikae naye, nimuulize jambo moja.

Je, yeye ameambiwa kwamba mimi nipo?