Waya Uliolika Katikati

Jumanne, 11 Oktoba 1994
Zoezi la mwisho la fizikia, Kidato cha Nne. Waya wa mita moja, betri, voltmita. Gusa kila sentimita kumi, soma volti, chora grafu. Wasichana ishirini na watatu wamepata mstari mnyoofu. Wa Kemunto umepinda katikati. Nimemwita mzembe mbele ya wenzake. Mmoja akaropoka, "Hiyo ni grafu ama ni milima ya Manga?" Wakacheka. Sikuwanyamazisha. Alama mbili kwa kumi.

Mtihani wa taifa wa vitendo ni Jumatano ya wiki ijayo.

Jumatano, 12 Oktoba
Mvua tangu saa nane. Kemunto amekuja ofisini kuchukua daftari lake. Huyu ndiye pekee darasani anayetaka uhandisi. Akasema, bila utovu wa adabu, "Mwalimu, siku ya mtihani nitaandika kama wenzangu." Nikamuuliza wenzake huandikaje. Akatazama sakafu. "Wanasoma kipimo cha kwanza na cha mwisho. Katikati wanajaza tu."

Sikumwamini.

Alhamisi, 13 Oktoba
Baada ya masomo nimefanya jaribio mwenyewe. Grafu yangu imepinda. Nimebadilisha ubao uliofungiwa waya. Imepinda tena. Mbao zote nane zilibaki tangu enzi shule ilipokuwa na kidato cha sita. Miaka yote hiyo wanafunzi wameburuta ncha ya chuma juu ya waya badala ya kugusa na kuinua. Nimepitisha ukucha: katikati waya umelika.

Kwa hiyo ishirini na watatu waliandika wasichokiona, nami nikawapa alama kamili. Aliyeandika alichokiona nilimdhalilisha. Naona aibu. Tena naogopa. Sasa naye atajaza tu, na mtahini atagundua.

Ijumaa, 14 Oktoba
Nilikuwa na kipindi nao. Sikusema kitu. Woga.

Jumamosi, 15 Oktoba
Kisii mjini, duka la vifaa vya umeme la Bwana Kantilal. Mita tisa za waya. "Mwalimu, unatengeneza jiko la umeme?" Nimemjibu kwamba narekebisha kosa. Akacheka, akaukunja waya kwa uangalifu.

Jumatatu, 17 Oktoba
Nimesimama mbele ya darasa. "Grafu ya Kemunto ilikuwa sahihi. Mimi nilikosea. Ninyi wengine mlidanganya." Nimefundisha miaka thelathini na moja. Sijawahi kutamka maneno ya namna hiyo. Alama zote nimezifuta. Kemunto hakuinua uso. Sijui ataandika nini keshokutwa. Simlaumu.

Jumanne, 18 Oktoba
Waya mpya umefungwa kwenye mbao zote. Nimefanya jaribio la mwalimu kama maagizo ya mtihani yanavyotaka. Vipimo vyangu hutumwa pamoja na karatasi zao. Nukta ya tano imekaa kando ya mstari. Kidogo tu. Nilishika kifutio. Nilikishika kwa muda mrefu kuliko inavyostahili.

Nimeiacha.

Jumatano, 19 Oktoba
Mtihani. Mwalimu wa somo haruhusiwi ndani. Nimekaa karibu na tangi la maji. Kemunto alitoka wa mwisho. Sikumwita. Alikuja mwenyewe.

"Mwalimu, nukta moja ilikataa kukaa kwenye mstari."

"Ukaifanyaje?"

"Nimeiacha palepale."

Nikamwambia aende akale kabla chakula hakijaisha.

Nimepangusa mbao za waya, moja baada ya nyingine. Nimezifunika kwa kitambaa. Mvua imeanza mapema leo.