Gauni la Kulalia Saa Nane Mchana

Aberhesgen, 9 Machi

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku mjini. Mimi mzima, ila kifua kinanisumbua kidogo. Nyonga yako inaendeleaje? Ningepiga simu, lakini unasema simu ni ya kutangazia misiba, basi vumilia mwandiko wangu.

Hoja yangu ya kupunguza hewa chafu imepita kwenye baraza la madiwani. Kuanzia tarehe mosi Aprili, mtumishi yeyote wa halmashauri hatalipwa posho ya mafuta. Safari zote za kikazi zitakuwa kwa basi, kwa baiskeli, au kwa yale magari sita ya umeme yaliyopo makao makuu. Madiwani walipiga makofi mpaka nikaona haya. Gari langu nimeliuza pia, maana siwezi kuwahubiria wenzangu nisichokitenda. Najua Baba angefurahi, yeye aliyechota maji ya mto jikoni kwenu mara mbili wakati wa mafuriko.

Bila gari nitakuja kwa nadra zaidi. Lakini Delyth yupo, anakuogesha asubuhi na kukulaza usiku, na mhudumu kama yule anakutunza kuliko mimi.

Mwanao,
Nerys


Cwm Hesgen, 16 Aprili

Mwanangu Nerys,

Sijambo, kama mtu aliyelazwa jua likiwa utosini anaweza kusema hajambo. Kifua chako je? Kunywa asali, acha ubishi.

Ngoja nikueleze ulichokifanya, maana naona hujui. Uliandika "mtumishi yeyote". Delyth ni mtumishi. Lile gari lake dogo jekundu amelifungia, hawezi kupanda mlima huu mara mbili kwa siku kwa mafuta yake mwenyewe. Sasa anakuja kwa basi, na basi ni lile lile moja. Linapanda saa tatu na nusu asubuhi na kuteremka saa nne na nusu. Linapanda saa nane mchana na kuteremka saa tisa. Linapanda tena saa moja jioni, na hapo linalala mbele ya kanisa mpaka asubuhi, kwa sababu dereva ni mtu wa huku. Delyth ana watoto mjini, hawezi kulala na basi. Kwa hiyo zamu yangu ya usiku inafanyika saa nane mchana.

Saa nane mchana, Nerys, navuliwa nguo na kuvishwa gauni la kulalia. Dawa, glasi ya maji, mapazia. Nje kondoo bado wanakula majani. Delyth hulia akinifunga vifungo, nami namwambia asilie, mwenye makosa yuko mjini anapigiwa makofi. Akitoka kwangu anakwenda kwa Idwal hapo jirani. Mtu aliyepasua mawe ya machimbo miaka arobaini anavishwa pajama na kutakiwa usiku mwema wakati watoto hawajatoka shule.

Alhamisi jioni ni mazoezi ya kwaya. Wiki mbili sijaenda, kwa kuwa nguo nikishavuliwa siwezi kuzivaa tena peke yangu. Ninalala nikiwasikia ng'ambo ya barabara. Sauti ya pili wameiharibu kabisa, na sauti ya pili ni mimi.

Usije ukanifundisha habari za hewa chafu. Mimi sijawahi kumiliki gari maishani mwangu.

Ni mama yako, kama Mheshimiwa Diwani bado anamkumbuka,
Gwenllian


Aberhesgen, 21 Aprili

Mama yangu,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Kifua kimepona. Moyo ndio haujatulia tangu nisome yako.

Sikujua. Safari za kikazi tulizijadili kwenye kamati moja, huduma za wazee zikajadiliwa kwenye kamati nyingine ghorofa ya juu, na hakuna aliyeshika karatasi zote mbili kwa pamoja. Mimi niliwawazia wakubwa na safari zao za mikutano. Delyth hakunijia akilini hata mara moja, nami ndiye ninayemshukuru kila Krismasi.

Nitarekebisha. Yale magari sita ya umeme yanashinda makao makuu yakichajiwa. Nitaomba mawili yahamishiwe huko juu kwa ajili ya wahudumu, na mpaka yafike, Delyth atumie gari lake na alipwe. Kikao ni katikati ya Mei. Nakuomba usubiri, na usiandikie gazeti.

Mwanao,
Nerys


Cwm Hesgen, 24 Aprili

Nerys,

Sijambo. Gazeti nimeshaliandikia.

Mama


Aberhesgen, 19 Mei

Mama mpendwa,

Hujambo? Mimi nipo, lakini kichwa nimekiinamisha.

Nilisimama kuleta hoja. Kabla sijafika mbali, mwanasheria wa halmashauri akaniuliza mbele ya wote kama nina jamaa anayepata huduma hiyo. Nikasema ndiyo, ni mama yangu, na gazetini mmemsoma. Akasema huo ni mgongano wa maslahi, na kwa kanuni natakiwa kutoka nje. Hoja yangu mwenyewe nikamwachia mwingine aisome. Nikasimama kwenye korido kando ya mashine ya kahawa dakika arobaini, kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani.

Nusu yao hawataki magari yaondoke makao makuu. Kura zikawa ishirini kwa ishirini. Mwenyekiti ameahirisha mpaka tarehe 16 Juni, na ameshasema tukifungana tena ataacha mambo yalivyo. Mama, kura iliyopungua ni yangu. Nitatolewa tena, na sina la kufanya.

Mwanao,
Nerys


Cwm Hesgen, 23 Mei

Mwanangu Nerys,

Pole kwa kusimama koridoni. Mimi sijambo, na leo sijambo kwelikweli.

Nimeiandikia idara ya huduma kwamba kuanzia tarehe ya leo sitaki mhudumu wao. Nimejitoa kwenye orodha. Sipati huduma, kwa hiyo wewe huna maslahi. Nakala hii hapa, mpe mwanasheria wako aisome mpaka achoke. Idwal ametia sahihi kama shahidi, akiwa na pajama.

Usihangaike juu yangu. Naoga kwa karai. Koti na gauni navivuta kwa fimbo ya pazia, inachukua muda lakini muda ninao. Soksi nimeachana nazo. Delyth alikuja akagonga, nikamwambia kupitia dirishani kwamba simfukuzi yeye, aende kwa Idwal na amwogeshe taratibu. Alisimama pale mpaka basi lilipompigia honi.

Mama yako,
Gwenllian


Aberhesgen, 27 Mei

Mama,

Sina hata nafasi ya salamu. Rudi kwenye orodha, leo hii. Nimeuliza idarani: aliyejitoa akitaka kurudi anasubiri wiki kumi na moja kupimwa upya. Una miaka themanini na tatu na nyonga ya chuma. Ukiteleza na hilo karai, nani atakuokota? Kura ya namna hiyo siitaki. Usiporudi, tarehe 16 sitaingia ukumbini, na nasema kweli.

Nerys


Cwm Hesgen, 30 Mei

Nerys,

Mimi mzima.

Baba yako alipogoma machimboni, nilikataa chakula cha kampuni nikiwa na mimba yako ya miezi saba. Sikumwomba mtu ruhusa, na wewe hukuulizwa.

Kaa kwenye kiti chako.

Mama


Aberhesgen, 17 Juni

Mama yangu mpendwa,

Hujambo? Ulifika salama? Nilipotoka kikaoni basi la jioni lilikuwa limeshaondoka na wewe.

Nilikuona tangu mwanzo. Ulikaa juu, viti vya wageni, na koti lako la Jumapili. Vifungo vyote ulikuwa umevipishanisha tundu moja, ukosi umepanda upande mmoja mpaka sikioni, na miguu haina soksi. Idwal kando yako na pajama ya mistari na tai ya kanisani. Umekuja kwa basi, Mama. Hakuna mtu ukumbini mle aliyesafiri kwa hewa safi kuliko ninyi wawili.

Mwanasheria akaniuliza tena, na wewe ulisikia nilivyomjibu. "Mama yangu hapati huduma yoyote ya halmashauri hii. Yule pale juu. Angalieni vifungo vyake." Watu arobaini wakageuza shingo. Wewe ukatazama mbele kama unapigwa picha. Mwanasheria akafunga faili lake, akasema Diwani anaweza kubaki.

Ishirini na moja kwa ishirini. Nilipoinua mkono, sikuona haya.

Magari mawili yanapanda kwenu Jumatatu. Delyth atamlaza Idwal saa tatu usiku, kama mtu mzima. Lakini kwako hatapangiwa mpaka wiki kumi na moja ziishe. Ulilijua hilo, bado ukakataa kurudi.

Sasa nisikilize na mimi. Gari sina, niliuza, na sijuti. Kuanzia Jumatatu nitapanda basi la jioni. Nitakuvua koti, nitakupikia, nitakulaza. Na kwa kuwa hakuna basi la kuteremka, nitalala huko huko, kisha asubuhi nitakuvisha soksi kabla dereva hajawasha. Wiki kumi na moja. Usiponifungulia nitakaa mlangoni, na gazeti nitaliandikia mimi safari hii.

Mwanao,
Nerys


Cwm Hesgen, 19 Juni

Mwanangu Nerys,

Tulifika salama. Idwal aliimba njia nzima, dereva akashindwa kumnyamazisha.

Mlango uko wazi, usijifanye shujaa. Kitanda chako nimekitandika kwa mkono mmoja, mwingine umeshika mkongojo, kwa hiyo shuka imekaa upande, na usiguse. Hujalala nyumba hii tangu tulipomzika baba yako.

Alhamisi usianze na mapishi. Shuka kwenye basi uingie moja kwa moja kanisani, nitakuwa nimeshakaa. Nitavaa lile koti na vifungo vyake vilevile, watu wavitazame vizuri. Nafasi ya kando yangu ni ya sauti ya pili, na sauti ya kuimba unayo, ni uvivu tu.

Gauni la kulalia nitavaa saa nne usiku. Nikitaka.

Mama