Santuri ya Frasco Monge

Jumatatu, 2 Machi 1964
Itangazwe rasmi, mashahidi wakiwa paka na jiko: leo nimenunua sindano mpya ya gramafoni. Mke wangu Patro hakupiga makofi.
Alasiri nagawa barua mtaa wa Santiago, hapa Jerez, nasikia Bastián mhunzi kazikwa jana. Mjane wake, Salvadora, ni binti wa Frasco Monge! Frasco, aliyeimba flamenko, nyimbo za Wajipsi, miaka hamsini na kurekodi santuri moja tu. Miaka kumi na tisa naitafuta. Hata kuiona sijawahi.

Jumanne, 3 Machi
Nimekwenda kutoa pole. Barua yao ya jana niliibakiza mfukoni makusudi – tarishi lazima awe na sababu ya kuingia. Redio imefunikwa kitambaa cheusi. Ndege wao kanari kahamishiwa kwa jirani, asije akaimba msibani. Wapwa wanasema Jumamosi watachoma vitu vyote vya marehemu, ndiyo desturi ya Wajipsi wa hapa. Na santuri imo sandukuni mwake.
Sikuomba kitu. Nilikunywa kahawa na kulitazama sanduku.

Jumatano, 4 Machi
Nimerudi. Kahawa. Sanduku. Sikuthubutu.

Alhamisi, 5 Machi
Balaa. Don Leandro, daktari wa meno wa Seville, naye mkusanyaji wa santuri, kaja na gari – na gramafoni ya mkononi! Eti kwanza aisikilize, ajue kama ni nzima. Nyumba haijamaliza hata wiki ya msiba.
Mpwa mkubwa akamshika kiwiko, taratibu, akamfikisha mlangoni.
“Daktari, humu hata kanari tumemhamisha.”
Nilichekea ndani ya kola. Kisha nikahesabu: siku mbili. Chakula changu cha jioni nikampa paka. Patro kasema ni homa.

Ijumaa, 6 Machi
Salvadora hakunipa hata kiti. Kasema anajua tangu Jumanne ninayempa pole ni sanduku, si yeye. Nilitamani sakafu inimeze. Akalifungua mwenyewe, akaitoa, imefungwa kwenye shali.
“Baba yangu hachomwi moto. Ichukue, mwanangu. Lakini uniapie kwa wafu wako: haitapigwa mpaka nivue nguo hizi nyeusi.”
Nikaapa. Kwa wafu wangu wote, na mama yangu mzazi nikamtaja kwa jina. Kiapo hicho hapa Jerez mtu hakichezei. Lakini ni nini, mwaka? Tuseme miwili. Mtu aliyengoja kumi na tisa!
Nimeibeba chini ya barua, natembea kama niliyebeba mayai.

Jumamosi, 7 Machi
Moshi unapanda uani kwa Salvadora. Santuri iko mezani mbele yangu. Nzima, haina mkwaruzo. Nimefunga dirisha. Nimelifungua. Gramafoni nimeipeleka chumbani, nikairudisha.
Don Leandro yuko mlangoni, anagonga mara ya tatu. Anataka asikie upande mmoja tu, kwa sauti ya chini, kisha nichague chochote kabatini kwake. Nimemjibu kupitia tundu la ufunguo kwamba nimeapa, arudi baada ya miaka miwili. Haondoki.
Patro anamenya vitunguu. Kauliza ile miwili nimeitoa wapi. Nikamwambia mjane wa huku huomboleza mumewe hivyo, kwa kukadiria.
Kasema Salvadora hakuvaa nyeusi kwa ajili ya Bastián. Alianza kuivaa alipofiwa na mama yake, mwaka 1931. Hata harusi alifunga nayo.